Wagonjwa wa presha mpakani hawaambiwi

Si nadra siku hizi, katika mazishi ya Teso na Bukhayo, kumsikia msemaji akisimama kando ya jeneza na kutangaza kwamba marehemu hakuwa mgonjwa, alianguka tu. Alikuwa shambani, au sokoni, au ameketi ndani ya trela akisubiri foleni ya Malaba isogee, akaanguka. Lakini ukibaki na jamaa baada ya watu kutawanyika, mara nyingi hutolewa daftari la hospitali, lile linalonunuliwa dukani pamoja na ya watoto wa shule, na ndani yake mna tarakimu zilizoandikwa kwa haraka: 170 kwa 105, 184 kwa 110. Kando yake pana jina la dawa na tarehe ya kurudi. Marehemu alikuwa mgonjwa. Alipimwa, akaandikwa, akapewa vidonge. Hakupata mtu wa kuketi naye na kumweleza ana nini, ataishi nacho vipi, na kitamfanya nini akikipuuza.

Gazeti hili linapiga mbiu. Presha inaua na kupoozesha watu wa Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambao tayari wamefika hospitalini. Hao hawakufichwa na umbali wala hawakukosa wa kuwapima. Wameingia chumba cha daktari na kutoka bila kuelewa, na sisi kama jamii tumezoea kuliita hilo matibabu.

Picha ya taifa inatisha vya kutosha. Utafiti mkubwa wa Wizara ya Afya wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu. Kati ya hao wenye ugonjwa, asilimia 15.6 pekee ndio waliojua kuwa wanao. Kati ya waliojua, asilimia 26.9 walikuwa wakimeza dawa. Na kati ya waliomeza dawa, nusu tu, asilimia 51.7, ndio waliokuwa wameudhibiti. Fanya hesabu hiyo hadi mwisho: katika kila wagonjwa 100, wawili hivi ndio waliokuwa salama. Kwa miaka mingi tumeitazama hatua ya kwanza, ile ya watu kutojua, tukapeleka mahema na mashine sokoni kila tarehe 17 Mei, Siku ya Shinikizo la Damu Duniani. Hatua ya pili na ya tatu hatujazitazama. Wenye kujua mbona hawamezi? Wanaomeza mbona hawaepuki hatari?

Jibu limo katika maneno machache ambayo kila mgonjwa wa presha mpakani anaweza kuyakariri. "Mama, presha yako iko juu. Punguza chumvi, usiwe na mawazo. Chukua dawa pale dirishani, urudi baada ya mwezi." Mama huitikia, "Ndio, daktari," hukunja daftari lake na kuondoka, na anayefuata kwenye benchi huingia. Hakuna uongo katika maneno hayo. Ila kila sentensi inaacha pengo ambalo mgonjwa atalijaza mwenyewe, na atalijaza kwa anayoyajua.

Chukua hayo mawazo. Katika nchi yetu watu wengi wanaamini kwamba presha ni ugonjwa wa fikra: deni, mume mlevi, mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo. Mhudumu anaposema "usiwe na mawazo" na kuishia hapo, amemthibitishia mgonjwa imani hiyo. Basi karo ikilipwa, mgonjwa huona mawazo yameisha, na presha nayo imeisha, na vidonge vinawekwa juu ya kabati. Wengine humeza siku kichwa kinapowauma au moyo unapodunda, kisha huacha wakipata nafuu. Hawajaambiwa kwamba ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili yoyote, kwamba mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho ikiharibika, na kwamba dawa hushikilia kipimo chini kwa siku unazozimeza tu. Kueleza hayo kwa Kiswahili cha kawaida hakuchukui dakika nzima.

Au chukua chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyake vyote. Mama wa Matayos akiambiwa apunguze chumvi, ataacha kuiongeza mezani na atahesabu kwamba ametii. Lakini mrenda wake na kunde zake ameziivisha kwa magadi, na magadi yana sodiamu ileile tunayoikimbia kwenye chumvi. Mchuzi ameutia kiungo cha paketi kilichojaa chumvi. Samaki aliyemnunua alihifadhiwa kwa chumvi kabla ya kukaushwa. Mhudumu asiyeuliza "Jana jioni mlipika nini, mkapika vipi?" hawezi kujua, na ushauri wake utabaki kuwa maneno yaliyobandikwa ukutani.

Mpaka wenyewe una mambo yake, na hapa ndipo tunapowasihi wahudumu wetu watazame nani ameketi mbele yao. Dereva wa trela aliyepewa dawa ya kuongeza mkojo hataimeza akiwa kwenye foleni ya Malaba, kwa kuwa hawezi kuacha gari lenye mzigo wa watu kila nusu saa kutafuta choo. Ataihifadhi hadi afike Kampala, au Juba, au hataimeza kabisa. Akiulizwa saa zake za kazi, dawa inaweza kubadilishwa au saa ya kumeza ikapangwa upya. Mpakiaji wa mizigo anayebeba magunia kutoka asubuhi humeza diklofenaki kwa maumivu ya mgongo karibu kila jioni, na diklofenaki hupandisha presha na kuumiza figo. Anainunua dukani bila kuulizwa lolote, na kliniki haimuulizi anameza nini kingine. Mfanyabiashara anayevuka kila siku hununua dawa Kenya wiki hii na Uganda wiki ijayo. Pakiti zina rangi tofauti na majina tofauti ya kampuni, na ndani ni dawa ileile ya presha, amlodipini. Wapo wanaoweza kumeza zote mbili wakidhani ni dawa mbili. Wapo pia wanaotupa ya pili wakidhani wamepewa isiyo yao.

Kuna jambo zito kuliko hayo yote, nalo ni karipio. Wagonjwa wetu wanaogopa kugombezwa. Mzee wa miaka 65 aliyekosa nauli ya bodaboda mwezi uliopita anaingia chumbani na kukutana na kijana wa umri wa mjukuu wake anayemuuliza, "Umeacha dawa tena?" Mbele ya watu. Mzee atajibu nini? "Nameza, daktari." Amelinda heshima yake. Daktari naye, akitazama kipimo cha 180 na kuamini kwamba mgonjwa anameza, huamua dawa ya kwanza imeshindwa, akaongeza ya pili. Mwezi unaofuata huongeza ya tatu. Siku mzee atakapoogopa kweli na kumeza zote kama zilivyoandikwa, presha inaweza kuporomoka ghafla akaanguka njiani. Uongo ule mdogo wa heshima ulizaliwa na swali lililoulizwa vibaya. Swali hilohilo lingeweza kuulizwa hivi: "Mzee, watu wengi hukosa dawa siku moja mbili. Wewe wiki iliyopita ulikosa siku ngapi?" Hapo mzee amepewa mlango wa kusema kweli bila kudhalilika, na daktari amepata habari ambayo hakuna mashine inayoweza kumpa.

Wanaume wana siri nyingine wasiyoitoa. Kijiweni pale stendi, kwa madereva na waendesha bodaboda, maneno yamezagaa kwamba dawa za presha humaliza nguvu za kiume. Baadhi ya dawa kweli zinaweza kuleta shida hiyo kwa baadhi ya watu, na presha isiyotibiwa huileta kwa wengi zaidi, kwa kuwa huharibu mishipa ya damu. Zipo dawa mbadala. Lakini mwanaume hataanzisha mazungumzo hayo mbele ya sista anayefanana na binti yake, na asipoulizwa faraghani ataamua peke yake, kimyakimya, kuacha. Vivyo hivyo miguu inayovimba kwa amlodipini na kikohozi kikavu cha enalaprili, dawa nyingine ya presha: mgonjwa aliyeonywa mapema atarudi kuuliza, asiyeonywa atadhani dawa inamuua.

Na lugha? Katika benchi moja la kliniki ya mpakani unaweza kukuta Mteso, Mkhayo, Msamia, Mjaluo na Mganda. Wengi wa rika la makamo wanakielewa Kiswahili. Nyanya zetu wengi hawakielewi vya kutosha kuzungumzia mwili wao, na mhudumu aliyetumwa kutoka mbali hajui Ateso wala Olukhayo. Anayeitwa kutafsiri ni mjukuu wa miaka 12 au mfagiaji aliyepita karibu. Nyanya hatasema mbele ya mjukuu kwamba anakojoa kitandani tangu aanze dawa. Tunashangaa kwamba kaunti yenye watu wa lugha nyingi kiasi hiki haijafanya ukalimani kuwa kazi inayotambuliwa na kulipwa hospitalini.

Hatuandiki haya kuwatukana wahudumu. Tunajua wengi wanaona wagonjwa wengi mno kwa siku, tunajua mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 uliodumu siku 56 na kilio chao cha haki, tunajua tatizo hili si la Busia peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la BMJ Open ulikusanya takwimu za nchi 67 na kukuta kwamba karibu nusu ya watu duniani humwona daktari kwa dakika 5 au chini. Hata Marekani, watafiti Howard Beckman na Richard Frankel walionyesha mwaka 1984 kwamba daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Basi muda ni mfupi kila mahali. Lakini ufupi wa muda hauelezi karipio, wala hauelezi kwa nini mgonjwa aliyeishi na presha miaka 10 hajui kipimo chake. Dakika 4 zilizotumiwa vizuri zinatosha kuuliza swali moja la kweli na kumwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake alichokielewa.

Na tuna ushahidi kwamba hapa kwetu inawezekana, kwa sababu tumeshafanya. Virusi vya UKIMWI vilipowamaliza watu wa mpaka huu, Kenya ikatangaza janga la kitaifa mwaka 1999, na kuanzia mwaka 2001 mpango wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ya Eldoret na washirika wao wa Chuo Kikuu cha Indiana ulianza kujenga kliniki magharibi mwa nchi, Busia ikiwemo. Huko mgonjwa hakupewa dawa kabla ya kushauriwa. Alifundishwa virusi vinafanya nini, kwa nini dawa ni ya maisha, afanye nini akisahau. Asipofika siku yake, mtu alimfuata nyumbani. Alikuwa na kikundi cha wenzake. Leo mama asiyejua kusoma, anayetumia dawa za virusi, anaweza kukwambia kiwango chake cha virusi na maana yake. Jirani yake mwenye presha, anayeketi katika hospitali hiyohiyo, hajui kama 160 ni nzuri au mbaya. Wote wawili wana ugonjwa wa maisha, wote wawili wanahitaji kidonge kila siku. Mmoja tuliamua kuzungumza naye.

Ujuzi huo sasa uko hatarini. Sehemu kubwa ya washauri na wafuatiliaji wale walilipwa kwa fedha za Marekani, na tangu Januari 2025 serikali ya huko iliposimamisha misaada yake, ajira za aina hiyo zimekatika kote nchini. Watu waliojifunza kwa miaka 20 namna ya kumsikiliza mgonjwa wa Busia wanarudi mashambani au wanatafuta kazi nyingine. Kaunti ikiwaacha waende, itatumia miaka mingine 20 kufundisha wengine. Tunaitaka serikali ya Gavana Paul Otuoma iwachukue wale inaoweza kuwachukua na kuwaweka katika kliniki za presha na kisukari, wafanye kwa wagonjwa hao yaleyale waliyoyafanya kwa wale wa virusi.

Njia nyingine iko mikononi mwetu tayari: chama cha akiba. Hakuna mwanamke wa mpaka huu asiyekijua. Watafiti wa AMPATH walifanya jaribio na wagonjwa wa presha na kisukari wa magharibi mwa Kenya kwa kuwakutanisha katika vikundi, wengine kupimwa na kuzungumza na mhudumu pamoja, wengine kuweka na kukopa, wengine yote mawili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa takriban 11 kwa waliohudhuria kliniki ya kawaida, na takriban 16 kwa waliopata kliniki ya kikundi pamoja na akiba. Tofauti si ya kutikisa dunia, lakini kwa ugonjwa huu kila nukta chache zinazoshuka kwa watu wengi huokoa ubongo na mioyo. Na ndani ya kikundi mgonjwa huuliza asichothubutu kuuliza peke yake, kwa sababu mwenzake ameanza.

Kwa wanaume wa Malaba tunapendekeza kitu ambacho huenda kitawashangaza wakuu wa afya. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika maduka 52 ya vinyozi wa Waamerika weusi katika kaunti ya Los Angeles. Kundi moja la wateja lilihimizwa na vinyozi liende kwa daktari. Kundi la pili lilikutana na mfamasia palepale kwenye kiti cha kinyozi, akawasikiliza, akawapa dawa na kuwafuatilia. Baada ya miezi 6, kipimo cha juu kilikuwa kimeshuka kwa 9 hivi katika kundi la kwanza na kwa 27 katika la pili. Dereva anayesubiri karatasi za forodha ana saa nyingi na hana nafasi ya kupanga foleni hospitalini. Ananyolewa, anakula, anacheza drafti. Mhudumu wa kaunti akae hapo.

Wahamasishaji wa afya ya jamii nao wapo. Rais William Ruto aliwazindua Septemba 2023, 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha. Tatizo ni kwamba mashine bila mafunzo ya kuzungumza huzalisha hofu au dharau. Mtu amepanda bodaboda, amefika akihema, anafungwa mkono papo hapo na kutangaziwa 165 mbele ya majirani. Kipimo hicho hakiaminiki: alipaswa kukaa kimya dakika 5, miguu chini, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, na kupimwa zaidi ya mara moja. Na hata kikiwa sahihi, atakifanyia nini? Mafunzo ya wahamasishaji hawa yaongezewe somo la kueleza kipimo faraghani, kwa lugha ya kijiji, na kumsindikiza mgonjwa hadi kliniki mara ya kwanza.

Tunataka pia maduka ya dawa ya Busia na Malaba yawajibike. Kwa wagonjwa wengi muuza dawa ndiye daktari wanayemwona mara nyingi zaidi, na ndiye wa mwisho kuzungumza nao kabla hawajameza. Amuulize mnunuzi wa diklofenaki kama ana presha. Amuulize mama kama ni mjamzito kabla ya kumuuzia enalaprili au losatani, dawa ambazo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka ya kulisimamia hili.

Upande wa pili wa mpaka kuna hospitali za Masafu na Tororo, na ndugu zetu Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili na kutibiwa pande zote mbili. Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja cha mpaka Busia Februari 2018, na tangu hapo lori hukaguliwa mara moja kwa nchi mbili. Mgonjwa bado huanza upya kila anapovuka. Kadi moja ya presha, yenye jina halisi la dawa badala ya la kampuni, kipimo cha kila mwezi na lengo lililoandikwa waziwazi, ikikubaliwa na kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo za Uganda, ingegharimu kalamu na karatasi ngumu. Wakuu wa afya wa pande zote hawahitaji kusubiri mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha kukubaliana juu yake.

Hakuna mazungumzo yatakayofaa dirisha la dawa likiwa tupu. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipoanza kazi Oktoba 2024, wananchi waliahidiwa matibabu ya msingi bila malipo katika zahanati na vituo vya afya. Mgonjwa aliyeelezwa vizuri kwamba dawa ni ya kila siku, kisha akaambiwa akanunue mwenyewe, atajifunza kwamba maneno ya hospitali hayana uzito.

Bajeti mpya ya kaunti huanza kutumika tarehe 1 Julai. Gazeti hili litaifungua na kutafuta vitu vitatu: mshahara wa washauri wa wagonjwa wa presha na kisukari, malipo ya wakalimani katika hospitali za Busia, Kocholia, Nambale na Port Victoria, na akiba ya dawa za presha ya kutosha miezi yote 12. Visipokuwemo, tutachapisha majina ya wajumbe wa kamati ya afya walioipitisha, na tutawauliza mmoja mmoja kwa nini.